Mbwa ameacha kumnusa mume wangu, eti ndo kapona?

Shangazi shikamoo. Mi ni Mama Kulwa, niko Kitangiri hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe, nauza dagaa, nachukua mwaloni Kirumba napimia kwa kisado hapa nyumbani. Naandika usiku mzee kalala maana akijua nimemuandika atanuna wiki nzima.

Iko hivi. Mwezi wa tatu nilikuwa nafua nikakuta boksa ya Baba Kulwa ina madoa kama ya chai ya rangi iliyomwagika. Yeye ni fundi mitumbwi, misumari anaweka mfukoni, nikajua ni kutu tu. Wiki ya pili tena, ya tatu tena, ndo nikamuuliza. Akasema aa, nakojoa damu kidogo, kichocho hicho. Hivyo tu, kama mtu anasema ana mafua. Shangazi yeye kakulia Kwimba kwenye majaruba ya mpunga, anasema wakiwa watoto walikuwa wanakojoa damu wote na wanashindana ya nani nyekundu zaidi. Ana miaka 56 sa hivi. Nikamuuliza unaumwa? Hapana. Mgongo? Hapana. Basi akaenda duka la dawa akapewa vidonge vya kichocho akameza, damu ikakata kama wiki tatu hivi halafu ikarudi.

Sasa hapo ndo anaingia Bobi. Bobi ni mbwa wetu, wa kawaida tu hawa wa mtaani, hajasomea chochote. Kuanzia mwezi wa nne akawa hamwachi mzee. Akivua suruali ya kazi Bobi analala juu yake. Mzee akikaa, pua moja kwa moja mapajani. Siku jumuiya ilipokuja kusali kwetu, watu wako kwenye rozari, Bobi kaingia kaenda kumnusa Baba Kulwa hapohapo mbele za watu, nikatamani ardhi ipasuke. Tukawa tunamfukuza kwa kandambili. Doto, kijana wangu yuko fomu foo, akanionyesha vidio kwenye simu mbwa wa Ulaya wananusa mkojo wa watu na kusema huyu ana saratani huyu hana. Shangazi usiku ule sikulala.

Kuna kaka mmoja anazunguka mtaani na begi anauza virutubisho, sijui nani alimwambia, akaja akasema anacho kipimo cha harufu cha Kijapani, unakojoa kwenye kichupa anaondoka nacho, kinapelekwa nje wanakiwekea minyoo wanaonusa saratani, majibu yanakuja watsapu baada ya wiki mbili, laki tatu na nusu. Eti hospitali hakuna haja, na tatizo likionekana dawa ya kusafisha anayo yeye mwenyewe. Mi mchezo wangu umetoka juzi, laki mbili ninazo, yeye anasema nitangulize hiyo nyingine nitamalizia. Leo kapiga simu mara mbili.

Mzee huku nyuma kaletewa mizizi na rafiki yake, kachemsha kanywa siku tisa. Damu haipo. Na Bobi shangazi kaacha kabisa kumnusa! Siku hizi analala mlangoni hana habari naye. Mzee anacheka anasema "unaona, daktari wako kaniruhusu nitoke wodini." Nikitaja hospitali ananiambia kamuulize Bobi.

Naomba uniambie kweli mbwa ananusa saratani au ni mambo ya mtandaoni? Na kama ananusa kweli, akiacha si ndo mtu kapona? Na hela nimpe yule kaka? Halafu Doto anataka kutega panya buku kwenye stoo ya jirani amfundishe, anasema Morogoro wanafanya hivyo, naye umjibu maana hanisikii. Wabeja sana.
Mama Kulwa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba Mama Kulwa. Kaka wa begi akipiga tena usipokee, na laki mbili usimpe hata shilingi, hiyo hela ina kazi nyingine ntakwambia. Na mzee lazima aende hospitali wiki hii. Sio kwa sababu ya Bobi. Mwanaume wa miaka 56 akikojoa damu bila maumivu hiyo damu yenyewe ndo taarifa, ingekuwa hivyo hata kama mngekuwa mnafuga paka.

Haya, tuje kwa mbwa, maana umeuliza vizuri na sitaki nikujibu juujuu.

Ni kweli. Sio uzushi. Seli ya saratani inakula na kutupa taka tofauti na seli isiyo na ugonjwa, na baadhi ya hizo taka ni kemikali nyepesi zinazoruka hewani, zinatoka kwenye pumzi, kwenye jasho, kwenye mkojo. Sisi hatuzisikii. Lakini we muuza dagaa si unajua gunia la dagaa walionyeshewa kabla hata hujafungua kamba? Mteja kasimama hapohapo hasikii kitu, we pua imeshakwambia hawa hawafiki kesho. Sasa pua ya mbwa inasikia mbali sana kupita yako hiyo ya mwaloni.

Watu walianza kulizungumza hili kitaalamu mwaka 1989, madaktari wawili Uingereza waliandika kwenye jarida la Lancet habari ya mama mmoja ambaye mbwa wake alikuwa anang'ang'ania kunusa kidoa kimoja tu mguuni kwake, hata akivaa suruali ananusa kupitia kitambaa, na siku moja akavaa kaptula mbwa akataka kukitoa kwa meno. Akaenda kupima, saratani ya ngozi. Ilikatwa mapema. Kwa hiyo Bobi na fujo zake kwenye rozari siwezi kusema anatania.

Ila Doto alikuonyesha kipande kitamu tu, hawa vijana ndivyo walivyo. Ngoja nikupe kipande kingine, na bahati nzuri kinahusu mkojo na kibofu kabisa, hapohapo penye shida ya mzee. 2004, Uingereza tena, walifundisha mbwa 6 kwa miezi. Halafu mtihani, mbwa anawekewa sampuli 7 za mkojo, moja ya mtu mwenye saratani ya kibofu, sita za watu wasiokuwa nayo, anatakiwa alale pale penye yenyewe. Wakarudia mara 54. Ungemfunga mtu kitambaa machoni abahatishe angepata kama mara 7 au 8. Mbwa walipata mara 22. Hiyo ni asilimia 41, kwa hiyo kuna kitu walikuwa wanakisikia kweli, hawabahatishi. Lakini mara 32 walikosea, mama. Mara 32! Na hao ni mbwa waliosoma, sio Bobi.

Kwenye utafiti huohuo kuna kitu kilitokea mi nikikikumbuka hadi leo nasisimka. Kulikuwa na mkojo wa mtu mmoja kati ya wale "wazima", alishapimwa akaonekana hana kitu, lakini mbwa kila wakiufikia wanaung'ang'ania huohuo. Wafundishaji wakaona wanazingua. Basi daktari akaingiwa na wasiwasi akamrudisha yule mtu akapimwa upya, akakutwa na saratani kwenye figo. Umeona lakini kilichofanyika? Mbwa alinusa, halafu MTU AKAPELEKWA KUPIMWA. Hakuna aliyekaa nyumbani kumsikilizia mbwa atasemaje wiki ijayo.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndo zito, kwamba Bobi ameacha kwa hiyo mzee kapona. Hapana. Mbwa wa kwenye vidio anafanya kazi kwa ujira. Akilala penye sampuli sahihi anapewa kitu, kipande cha nyama, mpira, sifa, kila mara, miezi na miezi, ndo anajua kumbe harufu hii ina faida. Bobi alifanya nini na mlimpa nini? Mlimpa kandambili! Hata mimi ningeacha. Pengine hata hiyo harufu keshaizoea, kwake ni sehemu ya nyumba kama harufu ya dagaa zako. Au suruali ilifuliwa. Au huko chini kwa jirani kuna jike. Hatujui na hatutajua, Bobi haandiki ripoti.

Na damu yenyewe kukata isikudanganye, hapo nakuomba usome taratibu. Uvimbe wa kwenye kibofu una tabia hiyo, unatoa damu leo, unanyamaza wiki mbili, mwezi, hata zaidi, halafu unarudi. Sio dawa. Mzee alimeza vidonge damu ikakata akasifia vidonge, ikarudi, akanywa mizizi ikakata akasifia mizizi, angekuwa amekula ugali na sato siku hizo tisa angesifia sato. Yeye ni fundi, muulize hivi, mtumbwi unavuja, ukauacha majini siku mbili mbao zikavimba tundu likaziba lenyewe, je fundi unampa mvuvi aende nao Ukerewe usiku bila kuupandisha juu ukaukalafati? Atakujibu hapana kabla hujamaliza kuuliza. Basi usiongeze neno, mwache akae nalo.

Halafu hii habari ya "kichocho tu". Inaweza ikawa kichocho kweli, watu wa Kwimba na Misungwi wanakijua, kile cha mkojo kinakaa zaidi kwenye majaruba na malambo, huku ziwani kwenyewe kilichojaa ni kile cha tumbo. Lakini neno "tu" ndo linaniudhi. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi mayai yake yanabaki kwenye ukuta wa kibofu yanakwaruza na kuuchoma, na mwisho wake kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Hilo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshaliweka wazi, kichocho hicho kiko kwenye orodha moja na sigara kwa vitu vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo mzee akisema utotoni walikuwa wanashindana nani ana nyekundu zaidi, hajanituliza, kanizidishia wasiwasi. Na kama anavuta sigara, hujasema, mwambie daktari hilo pia, moshi ukiingia mwilini sumu yake inatokea kwenye mkojo na inapita kibofuni.

Kuhusu minyoo ya Kijapani, kaka wa begi kachukua jambo la kweli akalivisha nguo ya utapeli, ndo maana linakukamata. Wapo kweli minyoo, wadogo milimita moja, wanaishi udongoni, hawana macho, wanaenda kwa kunusa. Mwaka 2015 mtafiti Takaaki Hirotsu wa Japani na wenzake walionyesha kwamba ukiwadondoshea mkojo wa mtu mwenye saratani wanausogelea, wa mtu asiye nayo wanaukimbia. Waliwajaribu kwa watu 242, kati yao 24 walikuwa na saratani na minyoo ikawapata 23. Nzuri sana kwa karatasi. Kipimo kikaingia sokoni kwao 2020, na hukohuko Japani madaktari wakaanza kukihoji maana mtaani hakikuonekana kufanya kama kilivyofanya kwenye utafiti. Na hata kingekuwa sahihi kabisa, minyoo hiyo haikwambii saratani iko wapi, ukipata majibu mabaya unaambiwa nenda hospitali ukapimwe. Sasa mzee keshapata dalili mkononi, unalipa laki tatu na nusu uambiwe nenda hospitali? Afu huyu anakwambia usiende! Na mkojo wa kuzunguka nao kwenye begi la mgongoni kwenye jua la Mwanza unakuwa umeoza kabla hata haujafika Buzuruga. Mtu anayekupimia halafu dawa anayo yeye mwenyewe, huyo ni mfanyabiashara, ana majibu kabla hujakojoa.

Sa laki mbili zako zina kazi hii. Aanzie kituo cha afya cha karibu au hospitali ya mkoa, Sekou Toure. Mkojo autoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hili watu hawaambiwi, mayai ya kichocho yanatoka kwa wingi mchana, ukipeleka wa alfajiri wanaweza wasiyaone ukaambiwa huna. Aseme damu, neno hilo litoke mdomoni, maana namjua mwanaume wa kwetu, ataingia kwa daktari aseme mgongo unamsumbua apewe panadoli arudi anakenua. We ingia naye. Na hata kama sa hivi mkojo ni msafi aseme ulikuwa na damu tangu mwezi wa tatu, ikakata ikarudi. Wakikuta kichocho, sawa, atibiwe kwa dozi ya uzito wake sio ya kukadiria dukani, LAKINI msiishie hapo. Ombeni ultrasaundi ya figo na kibofu. Wakiona kitu, au wasipoona na damu ikarudi, waombeni rufaa ya Bugando, kule kuna madaktari wa njia ya mkojo, wanaingiza kamera nyembamba wanaangalia kibofu kwa ndani na wakikuta uvimbe wanachukua kinyama kwenda maabara. Hiyo kamera mzee akiisikia ataruka, we usiianzie nayo nyumbani, hatua kwa hatua. Uvimbe ukiwa bado wa juujuu mara nyingi unakwanguliwa kwa njia hiyohiyo bila kupasua tumbo, ndo maana nakuharakisha. Na huduma ya saratani na mionzi ipo hapohapo Bugando, sio lazima muwaze nauli ya Dar.

Kama mna bima muanze na kituo ili rufaa ikae sawa. Kama hamna na hela ikakata katikati usikimbie na mgonjwa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali, ipo kwa ajili hiyo, watu wanaona aibu kuingia.

Mzee akigoma? Usibishane naye mbele ya Doto. Nenda kwa kaka yake mkubwa au yule fundi mwenzake anayemheshimu, na usitaje saratani, taja damu. Mwambie shemeji, mdogo wako anakojoa damu tangu mwezi wa tatu, we ulikuwa unajua? Hutahitaji kusema la pili. Na kama ni Bobi ndo daktari wake, mwambie sawa mume wangu, Bobi alishaandika rufaa mwezi wa nne, ni wewe uliyeikunja ukaiweka mfukoni na misumari.

Haya, Doto. Mwanangu, panya buku wa Morogoro nawajua na najivunia, wako pale chuo cha kilimo SUA na shirika la APOPO, walianza na kunusa mabomu ya kufukiwa, mmoja aliyezaliwa hapahapa Tanzania anaitwa Magawa alienda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 akavikwa medali ya dhahabu 2020. Tangu 2007 wenzake wananusa makohozi ya TB, sampuli 100 kwa dakika 20. Lakini wananusa makohozi ambayo hospitali ilishayapima, na panya akikwangua mahali, ile sampuli inarudi maabara kuthibitishwa, panya hamwandikii mtu dawa. Na hakutegwa kwenye stoo ya mtu, kazaliwa kwenye banda lao, kashikwashikwa na watu tangu mdogo, kasoma kama miezi 9 kwa ndizi na karanga. Huyo wa jirani yenu ni mkubwa, ana hasira na meno yake yanapasua nazi, akikung'ata kidole laki mbili za mama yako zitaishia kwenye sindano zako. Kasome, mtihani wa mwezi wa kumi na moja huo.